Inua Ile Moto, Kalaba

Moto mbili, pikipiki za mupya, zilikuwa zimesimama mu magazini ya kuziuzisha, moja ya bleu, moja ya nyekundu, na banaume batatu balikuwa banazizunguka sawa vile bantu banazungukaka bibi-arusi. Mwenye kununua alikuwa nyuma yabo. Tangu baingie, hakuna hata moja alikuwa amemuuliza kintu.

Alikuwa anaitwa Julienne. Ku karatasi alikuwa citoyenne Kasonde, juu ile miaka majina ya ubatizo ilikatazwa mu inchi yote, lakini mu camp ya bantu ba kazi kila muntu alimuita paka Julienne tu, na yeye alikuwa anasema mwenye hapendi ile jina asiiite, basi. Alikuwa muntu mufupi, mabega pana, mikono ya nguvu. Na kasirani yake haikukaaka mbali.

Kazi yake ilikuwa kuuzisha bowa, uyoga ya pori. Mvua ikianza, bowa yenye kuitwa tente inaota mu pori ya njia ya Kasenga, ngambo ya muto Kiswishi, tente nyeupe, mukubwa sawa sahani. Bamama ba kule banaichuma asubui na mapema. Julienne alikuwa anaifuata, anaijaza mu bitunga mbili, anairudisha mu muji mbele ya midi, saa sita, ku bapishi ba manyumba ya batajiri ya Karavia na ku mabibi ba baprofesa ba Kasapa. Mwenye kuuzisha samaki ya kukausha anaweza kulala njiani, kesho anauzisha. Mwenye kuuzisha tente, hapana. Tente ikisongwa, ikipata jua kidogo, inakuwa maji nyeusi yenye kunuka, na mupishi wa Karavia anakufungia mulango ku uso.

Mbele alikuwa na mobylette yenye kaka yake alimuachia. Mobylette ilikuwa na nafasi katikati, mama anapitisha muguu tu, kikwembe yake, kitenge ya kufunga, haisumbuke. Lakini ilikuwa mashini ya goudron, barabara ya lami, si ya matope. Mwaka mbili mu njia ya Kiswishi, ilikufwa. Zamu yake ya likelemba, ile kifuko ya bamama ya kuchangiana, ilipofika, bamama benzake balimupatia yote bila maneno, na alikuya mu ville, ku ile magazini, kutafuta moto ya kweli, ya magurudumu ya meno, yenye kupita ku goudron na mu pori.

Zilibakia paka hizo mbili. Ilikuwa mwisho wa mwaka 74. Mugriki mwenye alijenga ile magazini alisha kurudia kwabo, kazi yake serikali iliikamata na iliipatia citoyen moja mwenye hakujua tofauti ya boulon na kifungo ya shati, na huyu citoyen alikuwa anamaliza tu yenye alikuta. Hakuna mwenye alikuwa anaagiza ingine. Ukikosa moja kati ya hizi, unangojea miaka, ao unatembea na miguu.

Kwa hiyo, kuchagua mubaya ilikuwa kuchagua mubaya kabisa. Julienne alijua. Na banaume balikuwa banacheka.

Kalaba, bwana yake, alikuwa wa kwanza kupanda. Alikuwa muntu wa fonderie, kule banayeyushaka shaba, murefu, mukono sawa muti. Alivaa abacost, koti yake ya siku ya mungu, alipitisha muguu yulu ya ile ya nyekundu, aliruka-ruka ku kiti, alishika frein, breki, aliangalia mu vioo kama uso yake iko ku mafasi yake. Aliiwasha. Ilinguruma polepole, sauti ya muntu mwenye kushiba bukari. Kisha aliwasha ile ya bleu. Ile ilipiga kelele sawa katoto yenye kunyimwa nyonyo, na moshi ilijaza magazini.

Muzee Sudi, mwenye kuuzisha, alieleza bila kusukuma muntu. Alikuwa muntu wa Maniema, kofia nyeupe, sauti ya chini. Alibakia mu magazini juu bila yeye hata mulango haingefunguka. Alisema ya nyekundu ni quatre temps, inakunywa essence tupu, petroli bila kintu ingine, tena kidogo. Ya bleu ni deux temps, lazima uchanganye mafuta mu essence, na mafuta ile siku hizi inapatikana na shida. Lakini mashini yake haina bintu mingi ya kufwa, na iko mupesi. Bei ilikuwa karibu moja, ya bleu chini kidogo.

"Ya nyekundu," Kalaba alisema.

"Ngojea," Julienne alisema.

Alilomba Sudi azitoshe inje, mu kiwanja nyuma ya magazini. Zilipofika inje, alishika guidon, usukani, ya ile ya bleu na aliilaza chini. Polepole, sawa unalaza mugonjwa. Kisha alienda ku ya nyekundu na aliilaza vilevile. Moto mbili za mupya, mu vumbi, zimelala ubavu.

Kalaba aliangalia ku barabara kama kuko muntu anayejua uso yake. "Mama Kapya," alimuita na jina ya mutoto yabo. "Bantu banaona."

"Baone."

Aligeuka, aliweka matako ku kiti ya ile ya bleu, mukono moja ku guidon, mukono ingine ku chuma ya nyuma, na alianza kusukuma kinyumanyuma, tuhatua tudogo-tudogo, juu kikwembe haikumupa ingine. Moto ya bleu ilisimama. Alipangusa mikono, alienda ku ya nyekundu, alifanya vilevile. Ilifika ku magoti, ilitetemeka, ilirudia chini. Alijaribu tena. Ilirudia chini tena.

Sudi alikuwa ameacha kucheka. "Mama, nilianza kuuzisha moto wakati ya Mubeleji. Sijaona muntu anazijaribu hivi."

"Juu unaziuzishia bantu benye kutembea babili," Julienne alisema. "Moto ikisimama, iko muzuri kwa kila muntu, baba Sudi. Mimi niko peke yangu mu pori. Nataka kuijua ikianguka."

Ile neno ilitosha. Muntu mwenye akili angetosha makuta yake mu mufuko, angelipa ya bleu, na maneno ingeishia pale. Lakini hakuwa na ruhusa. Sheria ya wakati ule: bibi mwenye kuolewa hatie saini ku kintu kama hii bila bwana yake kutia yake. Makuta ilikuwa ya Julienne, njia ilikuwa ya Julienne, mugongo ilikuwa ya Julienne. Bic ya kutia saini ilikuwa mu mukono ya Kalaba.

Kalaba alianza kumweleza, sawa vile unaelezaka muntu mwenye amechelewa kufika ku akili. Moshi. Kelele. Mafuta ya kuchanganya, utaitosha wapi?

"Mafuta nitatafuta mimi," Julienne alimujibu. "Na wewe, utakuya kuinua moto ku Kiswishi?"

Kalaba aliangalia tena ile ya bleu. Angeiangalia kidogo tena, angekubali. Julienne alimujua, alikuwa muntu wa kukubali polepole. Lakini Mulenga, mwanaume wa tatu, njo alifungua kinywa.

Huyu Mulenga alikuwa mwenzake wa fonderie na jirani ya lupango, kiwanja ya nyumba, na zaidi ya ile, alikuwa nungwe yake. Kalaba alizaliwa mu bena Mbuzi, Mulenga mu bena Chui, na kati ya jamaa hizo mbili bankambo baliacha bunungwe: Chui anaweza kutukana Mbuzi mbele ya bantu, kumulilia sawa amekufwa na kumbe iko anakula, kukamata kuku yake mu lupango, na Mbuzi hana ruhusa ya kukasirika. Mwenye kukasirika amepoteza. Anaweza paka kujibu, na kujibu na kintu ya kushinda.

"Ee, Mbuzi," Mulenga alisema, na alizunguka ile ya bleu mikono ku mugongo. "Muache akamate hii. Si moto, ni kamba. Mbuzi inazoea kamba. Bibi yetu atakufunga nayo ku muti, utakula majani, mangaribi atakufungua. Sisi bena Chui, tungeondoka na ya nyekundu. Lakini ile ni ya banaume."

Sudi alicheka ndani ya mukono. Hata wateja babili benye balikuwa ku mulango balicheka. Na Kalaba, mwenye hakuruhusiwa kukasirika, alijibu na kintu ya kushinda: alikamata bic na alitia saini ya nyekundu.

Hivi tu. Mwanamuke amefikiri mwaka muzima, amelaza mashini mu vumbi mbele ya bantu, na kazi yake inachaguliwa juu mwanaume moja ameitwa mbuzi.

Kurudia ku nyumba, Kalaba njo alishika guidon. Alipita mu katikati ya muji polepole, polepole sana, ili bantu ba ofisi baone. Julienne alikuwa nyuma, miguu yote upande moja, sawa abiria. Ku moto yake mwenyewe. Aliangalia shingo ya bwana yake njia yote, na mwenye kumujua angejua ile macho haikuwa ya amani.

Mvua haikungojea. Kesho yake Julienne aliisukuma inje, alipanda ku mutumba ya mbao yenye Kalaba alimuwekea, juu bila mutumba hakufika ku kiti. Kikwembe ilipanda mpaka ku magoti. Aliivuta. Ilipanda tena. Alikuwa amefikiria hii maneno ya nguo: siku ingine alivaa pantalon, suruali ya kazi ya Kalaba, chini ya kikwembe. Ku barrière, kizuizi ya njia ya Kasenga, bavijana ba parti ya serikali balimusimamisha. Mwanamuke na pantalon, ile wakati, ilikuwa kosa. Balimuambia aitoshe palepale. Aliitosha nyuma ya kibanda yabo, na balikuwa banaimba. Aliikunja, aliiweka mu kitunga, alipanda moto, na aliendelea na njia.

Ile ya nyekundu ilikuwa mashini muzuri, hakuna mwenye anaisingizia. Mu goudron ilitembea sawa mafuta. Ilikunywa kidogo, sawa Sudi alivyosema. Lakini njia ya ngambo ya Kiswishi haikuwa njia, ilikuwa mufereji wenye bantu balikubaliana kuita njia. Ku siku ya tatu ya mvua kubwa, kurudia, bitunga zote mbili zimejaa tente ya asubui, gurudumu ya mbele iliingia mu shimo ya magurudumu ya camion, ya nyuma iliteleza, na Julienne alitaka kuweka muguu chini. Muguu haikufika. Kikwembe ilikamata ku kiti. Moto ilimulalia.

Tuyau ya moshi, ya kuchemka, ilikuwa ku muguu yake. Alisikia nyama yake inaimba. Aliivuta, aliitosha, aliacha kipande ya kikwembe na kipande ya ngozi. Kisha alisimama mu matope na aliangalia: moto imelala, kitunga moja chini yake, essence inatoka tone kwa tone ku kifuniko, tente nyeupe zinaelea mu maji ya njia.

Aliweka matako ku kiti. Alishika guidon, alishika chuma. Alisukuma. Mpaka ku magoti, kutetemeka, chini. Alijua mbele ya kuanza. Njo yenye ilimukasirisha kushinda muguu: alijua, aliisema, aliionyesha, na sasa alikuwa anaifanya peke yake mu mvua sawa muntu mwenye hakujua.

Alijaribu mpaka mikono ilikataa. Kisha aliikala ku ukingo, alifunga muguu na majani, na alingojea. Mvua ilikatika, jua ilipanda. Tente zilianza kuwa nyeusi ku ukingo, polepole, mbele ya macho yake.

Banaume benye kusukuma makala na vélo, baiskeli ya miguu, balifika kisha. Balikuwa babili, bazuri, bacheshi. Baliiinua sawa hakuna kintu, na mwenye mukubwa alimuambia na huruma, "Mama, hii ni moto ya mwanaume. Ungelomba ile ya kidogo."

Julienne alimushukuru. Hakumupiga. Hii ni heshima yenye hakuna muntu alimuhesabia.

Ku Karavia alifika bapishi basha kuweka sahani ku meza. Wa kwanza alifunua kitunga, alinusa, alifunika. Wa pili hakufunua. Wa tatu alimuambia kuko mama ingine, wa njia ya Kipushi, analetaka mbele ya saa ine, na bibi wa nyumba amesema bakamate kwa ile, juu yeye hakosake. Julienne alimujua yule mama. Alikuwa na vélo. Vélo.

Mangaribi alimwaga tente zote mu lupango, mbele ya kiti ya Kalaba. Ilinuka. Kalaba aliangalia bowa, kisha aliangalia muguu, na uso yake ilibadilika kweli, hakuwa muntu mubaya. Alienda kutafuta dawa ya kuungua yenye banapewaka ku fonderie, alimupakaa mwenyewe, na vidole yake mikubwa ilikuwa polepole. Na wakati anapakaa, alisema neno yenye iliharibu dawa yote.

"Utaizoea. Hata mimi ku fonderie nilichomwa siku ya kwanza."

"Nilikuambia nini ku kiwanja ya Sudi?"

"Ni siku moja tu, mama Kapya. Ya bleu pia inaangukaka."

"Ya bleu inaamukaka."

Kalaba alifunika dawa. Alisema bamesha kununua, saini iko pale, na mwanaume harudie ku magazini kusema alikosea sawa mutoto mwenye kurudisha sukari. Julienne alielewa pale kama si ya nyekundu njo inamuzuia. Ni Mulenga. Bwana yake alikuwa anaogopa kicheko ya muntu moja kushinda njala ya nyumba yake.

Alianguka tena mara ya pili, ku mulima ya mawe. Bale ba Kasapa balibakia naye, juu mabibi ba kule hawakuwa na haraka. Karavia ilikuwa imeisha. Tente inaotaka wiki kidogo tu, kisha imemalizika mpaka mwaka ingine, na wiki zilikuwa zinapita.

Basi, siku ya posho, jumamosi, bantu bote balitoka ku salongo, ile kazi ya bure ya kufagia barabara na kuchimba mifereji. Banaume balirudia na mapauro ku bega, balisimama ku robinet, bomba ya maji ya camp, karibu na lupango ya Kalaba, kunawa miguu. Mulenga alikuwa pale. Alikuwa anamuuliza Kalaba kama bena Mbuzi banachimba na pauro ao na pembe.

Julienne alisukuma moto ya nyekundu mpaka ku robinet, mu matope, mbele ya bantu bote, na aliilaza chini.

"Inua ile moto, Kalaba," alisema.

Aliita jina yake. Si baba Kapya. Bantu baligeuka, juu bibi haitake bwana yake hivi inje.

Kalaba aliangalia moto, aliangalia bibi yake. Kisha alicheka kidogo, alivuka, alishika guidon na mukono moja, ingine ku kiti, aliisimamisha. Haikumuchukua pumzi. Banaume balipiga makofi.

"Umeona?" alisema.

Pale bantu bote balifikiri ameshinda. Julienne aliilaza chini tena. Kisha alifungua kikwembe ya yulu, ile ya pili yenye bamama banafungaka juu ya ya kwanza, na alimunyoshea.

"Funga hii. Mpaka ku vifundo, sawa mimi. Kisha inua."

Kalaba alirudia nyuma. Mu nyumba, mangaribi, mwanaume kujifunga kikwembe si kintu. Kila mwanaume wa camp anakaaka hivi ku kunywa chai yake. Lakini ku robinet, na bantu, na bibi njo anaamuru? Alianza kutikisa kichwa. Angekataa. Julienne hakumuangalia. Alikuwa anaangalia Mulenga.

Na Mulenga, mwenye hajapitwa na nafasi ya kutukana Mbuzi tangu azaliwe, hakuweza kujizuia. "Ee, bantu, muone. Mbuzi imeogopa nguo. Chuma haiogope, moto haiogope, paka kitambaa ya maua."

Kalaba alikamata kikwembe.

Julienne alimufunga mwenyewe. Alimufunga vile anajifungaka kila asubui, ya kukaza, ya heshima, mpaka hatua ya mwanaume ilibakia sawa hatua ya kuku. Kalaba aliinama. Alishika mafasi ileile ya kwanza. Alitaka kupanua miguu, miguu ilikataa. Alivuta na mugongo. Moto ilifika ku magoti, na kila muntu aliona mishipa ya shingo yake, na aliisukuma tena, muguu moja iliteleza, haikuwa na kwa kuenda, na Kalaba wa fonderie, mabega sawa mulango, alianguka mu matope ya robinet na moto yake yulu ya miguu.

Balicheka, ee! Mulenga alikaa chini kabisa, alishika tumbo. Bamama balitoka mu malupango. Julienne peke yake hakucheka. Alingojea mpaka kelele ishuke, na alisema na sauti ya chini, lakini bote balisikia.

"Hii njo asubui yangu. Kila siku. Na kule hakuna muntu wa kucheka."

Banaume babili balimutosha moto ku miguu. Mulenga alisimama, alipangusa machozi. Aliangalia ile kovu ya kuungua ku muguu ya Julienne, kisha alikamata pauro yake na alienda.

Siku ya mungu, jumapili, ilipita. Kalaba hakukula mangaribi. Mbele ya kulala alisema ku ukuta, si ku bibi, "Kesho mbele ya kazi tupite kwa Sudi."

Julienne alilala macho wazi. Hakuwa anafikiri bwana yake. Alikuwa anafikiri kama ya bleu ingaliko.

Ku magazini, mu fasi yenye ilikuwaka, hakukuwa kintu. Sudi alibasalimia bote babili, aliuliza habari ya nyumba, ya batoto, ya mvua, bila haraka, mpaka Julienne alitaka kumurarua kofia. Kisha alibapeleka nyuma, alifunua turubai. Ya bleu ilikuwa chini yake.

"Bantu banne baliijaribu," alisema. "Haikuwaka. Balisema mashini imekufwa, baliiacha." Alitosha mu mufuko ya kanzu bougie moja, ile plagi yenye kuwasha mashini, aliipuliza, aliirudisha mu mashini. "Mama mwenye kulaza moto chini, nilijua atarudia."

Aliiwasha. Moshi, kelele, katoto ya kunyimwa nyonyo. Julienne hakusikiaka kintu ya kupendeza hivi. Sudi alizunguka ya nyekundu, aliona fasi yenye kukwaruzika, alisema atabadilisha moja kwa moja, hakuna wa kuongeza makuta.

Kalaba alikamata bic. Aliinama ku meza, alitia saini, na alisema na sauti ya bwana wa nyumba, "Nimefikiri muzuri. Kwa njia ya bibi yangu, nimeona hii ya bleu njo inafaa."

Nimeona. Nimefikiri. Sudi aliangalia chini. Julienne alikamata guidon ya ile ya bleu. Tente ilikuwa inangojea, na maneno ile haikuharibika, angeiuzisha siku ingine.

Aliipanda bila mutumba. Muguu mbili ilifika chini. Ile wiki alianguka mara mbili, aliamusha mara mbili, na alifika ku Karavia mbele ya mama wa vélo. Mafuta ya kuchanganya alipata kwa benye kukata mbao na mashini ngambo ya Kiswishi, anabapelekea chumvi, banamujazia chupa. Mupishi wa tatu alifunua kitunga, alinusa, aliita bibi wa nyumba akuye kuona. Mu wiki mbili za mwisho za tente, Julienne alirudisha Karavia yote.

Na mu camp? Mu camp balisifu Kalaba. Kalaba mwenye akili. Kalaba mwenye alichagulia bibi yake moto ya kufaa, si ya kujionyesha. Kalaba hakukatala. Alianza kupokea bantu. Siku moja, nyuma ya kazi, vijana batatu ba fonderie balikuya kumuuliza moto gani ya kununua. Aliikala mu kiti yake, muguu yulu ya muguu, chai mu mukono, na Mulenga pembeni. Julienne alikuwa ku babula, jiko ya makala, anageuza bukari ya mangaribi. Alisikia bwana yake anasema, polepole, sawa muntu mwenye kutosha neno mu kifua yake mwenyewe:

"Moto ikisimama, iko muzuri kwa kila muntu. Mwenye akili anailaza chini kwanza. Anataka kuijua ikianguka."

Vijana balitikisa kichwa. Moja alirudilia ile neno ili asiisahau.

Julienne aliacha mwiko mu bukari. Alifungua kikwembe ya yulu, ile ya maua, ingali na alama ya matope yenye haikutoka hata na sabuni, alivuka lupango, na aliitupa ku magoti ya Kalaba. Chai ilimwagika.

"Umesahau hii," alisema. "Baonyeshe na hii."

Vijana baliangalia kikwembe, baliangalia Kalaba, hawakuelewa. Mulenga alielewa. Alicheka mpaka alianguka na kiti yake.

Julienne alirudia ku babula. Bukari ilikuwa imeshika chini kidogo. Aliipakua vilevile, na fasi yenye kuungua aliiweka mu sahani ya Kalaba.